Lori la Kikundi: Zibua Kwanza, Ziba Baadaye

Vikundi vingi huanza na lori kuukuu la kubeba mahindi au mawe ya kujengea. Injini tunaiangalia, magurudumu tunayaangalia, lakini kabini tunaisahau. Mvua ikinyesha, dereva anakanyaga maji nasi twasema, "Ni gari la zamani, wacha tu."

Hapana, tusiwache. Maji hayo hula sakafu polepole. Sakafu ikitoboka, moshi wa injini huweza kuingia ndani, na moshi huo humlewesha mtu, hata humuua. Tena maji yakifika kwenye fyuzi, taa zaweza kuzimika usiku njiani. Basi tuifanye kazi hii kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei.

MAJI YANAPITIA WAPI?

Wengi hukimbilia kununua silikoni. Ngoja kwanza! Lori limetengenezwa na njia zake za kutoa maji. Mvua hupita kando ya kioo cha mlango, ikaingia ndani ya mlango, kisha ikatokea kwa matundu madogo ya chini. Vilevile, kwenye magari mengi kuna mfereji chini ya kioo cha mbele, penye waipa. Mara nyingi hewa ya kabini huingilia papo hapo. Majani yakiziba mfereji, maji hupanda mpaka njia ya hewa na kushuka miguuni pa dereva. Hapo hakuna palipotoboka. Ni takataka tu.

JINSI YA KUFANYA

1. Toa mikeka yote, kausha sakafu. Maji yakinata na kunukia utamu, si ya mvua: ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita. Mwone makanika.

2. Fungua wavu ulio chini ya waipa, toa majani kwa mkono. Zibua matundu kwa kijiti laini. Usitumie waya wenye ncha, kwa sababu hutoboa mipira na kukwaruza rangi, na kutu huanzia hapo. Mimina kikombe cha maji kila upande. Yaone yakitoka chini ya gari.

3. Zibua matundu ya chini ya milango. Ukifungua kibao cha ndani cha mlango, ile nailoni iliyo nyuma yake usiitupe. Hiyo ndiyo inayozuia maji yasiingie kabini.

4. Kama bado panavuja, mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwage maji polepole kutoka nje. Anzeni chini mkipanda juu. Mkianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua yalikoingilia.

5. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi kwenye raba. Karatasi ikivutika kwa urahisi, raba imechoka. Jaribu kila upande wa mlango, kisha mbadilishe raba.

6. Raba ya kioo cha mbele ikipasuka, mpeni fundi aibadilishe, maana kioo huvunjika upesi. Penye kutu, piga msasa mpaka bati ling'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo uzibe. Silikoni inayonuka kama siki hula bati. Ulizeni dukani ile isiyo na asidi.

ONYO: Matundu ya kutolea maji yasizibwe kamwe! Ukiyaziba, mlango utakuwa kama debe la maji, nao utaoza kutoka ndani.

KUTUNZA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa lori, usipozibua tundu utanunua sakafu. Mpeni utingo kazi ya kutoa majani kila wiki, na lori lisilale chini ya mjakaranda wala mkalitusi. Baada ya mvua, acheni milango wazi juani ili kabini ikauke.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, nani katika kikundi chetu ameinua mkeka wa lori mwaka huu, naye aliona nini?
2. Dereva akituambia kuna maji au moshi ndani ya kabini, sisi humjibu vipi?
3. Tutaweka akiba kiasi gani kwa raba na rangi kabla mvua haijaanza?