Walioanza Kidato cha Kwanza Wako Wapi? Namna ya kusoma matokeo ya shule ndogo ya kata

Mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, simu za wazazi hujaa picha za ukurasa wa aina moja: namba ya kituo, safu za F na M, na madaraja kuanzia I hadi 0. Watu hukimbilia safu ya mwisho, wakahesabu ziro, na kabla ya magharibi hukumu imeshatoka. Shule hii imeng'ara, ile imeoza. Shule ikiwa na watahiniwa mia tatu, hukumu ya namna hiyo inaweza kuwa na ukweli ndani yake. Kwa shule ya kata yenye watahiniwa thelathini na kitu, mara nyingi ni dhuluma kwa walimu, na zaidi kwa watoto ambao hawamo kabisa kwenye ukurasa ule.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Hakikisha kwanza namba ya kituo inaanza na herufi S, yaani watahiniwa wa shule. Ikianza na P, hao ni watahiniwa wa kujitegemea waliofanyia mtihani hapo, na matokeo yao hayaihusu shule. Kisha angalia safu ya AGGT. Hizo ndizo pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi zikipungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni ziro. GPA ya shule nayo husomwa vivyo hivyo, ya chini ndiyo nzuri. Nimewasikia wazazi wakishangilia GPA iliyopanda kutoka 3.6 hadi 4.1, na hakuna aliyewaambia kwamba shule imeshuka.

Sasa piga hesabu kidogo. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo amepata daraja la nne, na kwa takwimu za mkoa anahesabiwa amefaulu. Mwenye D moja na F sita ana pointi 34, huyo ni ziro. Kinachowatenganisha kinaweza kuwa alama moja katika somo moja, kwa kuwa 29 ni F na 30 ni D. Lakini mbele ya mlango wa kidato cha tano wawili hao wako sawa, maana kule huhitajika C zisizopungua tatu. Ndiyo maana shule mbili zinaweza kutangaza ufaulu wa asilimia 95, moja ikiwa imejaza daraja la kwanza hadi la tatu, nyingine ikiwa imejaza la nne tupu. Mzazi anayetaka kujua hali ya shule ajumlishe daraja la kwanza, la pili na la tatu peke yake, kisha aiweke hesabu hiyo kando ya ufaulu wa jumla.

Udogo wa shule nao unazichezea asilimia. Katika shule yenye watahiniwa 24, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 4. Wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani wakapata ziro, shule imeshuka kutoka asilimia 100 hadi takriban 92, na mtu ataandika barua ya kutaka maelezo. Shule yenye watahiniwa 240 ikipatwa na mkasa uleule haitikisiki hata kwa asilimia moja. Kwa hiyo matokeo ya mwaka mmoja ya shule ndogo hayatoshi kumsifu wala kumwadhibu mtu. Chukua miaka mitatu, jumlisha watahiniwa wote na waliopata daraja la kwanza hadi la tatu wote, ndipo ugawanye. Dakika tano za kalamu na karatasi zinatosha, na naona ni aibu kwamba vikao vingi vya wazazi huisha bila hesabu hiyo kufanywa.

Lakini yote hayo ni habari za waliofika chumba cha mtihani. Swali kubwa liko nje ya chumba hicho.

Waliofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2025 ni watoto walioingia kidato cha kwanza Januari 2022. Tuseme, kwa mfano tu, shule iliandikisha 61 mwaka ule. Miaka minne baadaye wamefanya mtihani 36, wakafaulu 33, na kati yao 9 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Kwenye ubao wa matangazo itaandikwa ufaulu wa asilimia 92. Ukigawanya kwa 61 walioanza, ni asilimia 54. Wenye daraja la kwanza hadi la tatu, ambao walionekana asilimia 25, wanakuwa chini ya 15. Namba zote hizo ni za kweli. Ya kwanza inasema darasa lilivyofundishwa. Ya pili inasema kata ilivyowatunza watoto wake, na mimi naiona hiyo ya pili kuwa nzito zaidi.

Watoto 25 wamekwenda wapi? Majibu yako kwenye daftari la usajili na daftari la mahudhurio, na mwalimu wa taaluma anaweza kuyatoa kama akiombwa kwa heshima na kwa wakati. Wapo waliohama, na uhamisho una barua, hivyo usiwahesabu kama waliopotea. Wapo waliokariri kidato cha pili baada ya kutofikia kiwango katika Upimaji wa Kitaifa, na hao bado wako shuleni nyuma ya wenzao. Ongeza pia waliokariri kutoka mwaka wa juu wakaingia katika kundi hili, la sivyo hesabu itakudanganya. Wanaobaki baada ya kuwatoa hao ndio wa kuulizwa jina kwa jina: aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani, aliyechukua bodaboda, aliyekwenda machimboni au ziwani, aliyeozwa, aliyepata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika mfumo rasmi. Ruhusa hiyo haimfikii msichana aliyeko kijijini akilea kama hakuna mtu wa kumfuata nyumbani na kumwambia kwamba nafasi yake ipo.

Baada ya hapo tazama watoto hao ni akina nani. Safu za F na M zinakupa wasichana na wavulana, lakini usiishie kwenye nani kapata daraja gani. Linganisha idadi ya wasichana walioanza na waliomaliza. Shule ambayo wasichana wake wanaotahiniwa wanafanya vizuri, huku nusu ya walioanza nao hawapo, ina tatizo ambalo matokeo mazuri yanalifunika.

Kisha uliza wanalala wapi. Shule nyingi za kata zilijengwa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, na shabaha ilikuwa mtoto asome karibu na kwao. Kata za vijijini lakini ni pana. Wapo wanaotembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, na wapo waliopangishiwa chumba karibu na shule, yale wanayoyaita magheto, ambako mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilinda na anajiamsha mwenyewe. Ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari za kutwa iliondolewa kuanzia Januari 2016, na hilo liliwafungulia wengi mlango. Kodi ya chumba, sare, daftari na unga vimebaki kwa mzazi. Ukipata orodha tatu, ya wanaotoka karibu, ya wanaotoka mbali na ya wanaokaa gheto, ukaziweka kando ya utoro na matokeo ya kidato cha pili, mara nyingi utaona bweni au chakula cha mchana kinadaiwa kabla hata hujafika kwenye suala la walimu.

Kuhusu kulinganisha: usiipime shule ya kata kwa Ilboru, Kibaha au Mzumbe. Hizo ni shule za vipaji maalumu, hupokea watoto waliochujwa kutoka nchi nzima. Shule ya kata hupokea yeyote aliyefaulu darasa la saba hapo jirani, wengi wakiwa na wastani wa C, na siku ya kwanza inaanza kuwafundisha kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili. Kipimo cha haki ni safari ya watoto walewale. Kwa kundi la 2025, fungua matokeo ya darasa la saba ya 2021 ya shule za msingi za kata, kisha ya kidato cha pili ya 2023, halafu ya kidato cha nne. Yote yako kwenye tovuti ya Baraza. Shule iliyopokea watoto wa C na kuwafikisha daraja la tatu imefanya kazi kubwa. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na kwa maoni yangu lilifanya vyema.

Kwenye jedwali la masomo, tazama waliofanya kila somo kabla ya kutazama waliofaulu. Kati ya 36, wakifanya Fizikia wanne tu, uliza kama mwalimu wa Fizikia yupo. Hisabati usiishangae peke yake, maana kwa miaka mingi wanaoifaulu nchini hawafiki theluthi ya watahiniwa. Kinachostahili swali ni somo lililokuwa likifaulisha ambalo limeanguka ghafla. Mara nyingi nyuma yake kuna mwalimu mmoja aliyehama bila kupata mrithi.

Jambo moja la tahadhari. Katika shule ndogo namba ina sura. Ukisema kikaoni kwamba msichana mmoja wa kidato cha tatu aliacha kwa mimba, kijiji kizima kimeshamjua. Ukisema mwanafunzi pekee mwenye ulemavu wa macho alipata ziro, umemtaja. Hesabu zinazohusu watoto wachache mno zibaki kwa mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na bodi ya shule. Kwenye mkutano wa hadhara zisemwe kwa jumla ya miaka kadhaa.

Kwa hiyo mkutano wa wazazi utakapoitishwa, nenda umeandika mambo matano kwenye karatasi: walioanza na waliomaliza, wasichana kwa wavulana, daraja la kwanza hadi la tatu kwa miaka mitatu, matokeo ya kundi hilohilo kuanzia darasa la saba, na masomo yasiyo na mwalimu. Muulize mkuu wa shule kwa adabu, mbele ya Afisa Elimu Kata kama yupo. Na majibu yakiandikwa, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa bodi. Matokeo hutangazwa mara moja kwa mwaka, lakini daftari la usajili liko ofisini kila siku. Usisubiri Januari kwenda kuliulizia.