Filamu fupi kutoka Ruiru: YouTube iwe mlango wa mwisho

Saa nane usiku, chumbani Ruiru, umemaliza kuhariri filamu yako ya dakika 12 na kidole kinawasha: uipandishe YouTube, marafiki waione. Subiri kwanza. Matamasha kadhaa makubwa hutaka filamu ambayo haijaonekana mtandaoni. Ukiipandisha leo, umejifungia milango hiyo mwenyewe.

Safisha haki. Tuseme una tukio ndani ya matatu ya Thika Road, na redio inapiga wimbo unaovuma. Wimbo huo una mwenyewe, na msambazaji atakudai ruhusa ya maandishi. Zima redio unaporekodi. Injini, abiria na makanga anayegonga bodi wanatosha. Muziki mwagizie prodyuza wa mtaani, mwandikiane. Waigizaji nao watie saini kabla ya kamera kuwashwa. Filamu ikishapata jina, saini hupanda bei.

Tafsiri. Kikuyu na Sheng viache vinywani mwa waigizaji, ila weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, isiyozidi mistari miwili kwa wakati. Neno la kuchekesha lisitangulie kuandikwa kabla halijatamkwa, ukumbi usije ukacheka mapema.

Chagua matamasha. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya dakika 20 hivi, ilionyeshwa Sundance mwaka 2010. Watu Wote ya 2017, kazi ya wanafunzi wa Hamburg iliyopigwa hapa Kenya, iliteuliwa kuwania Oscar. Kwenye Oscar filamu fupi haizidi dakika 40, majina ya mwishoni yakiwemo. Usitume kila mahali, maana ada zitakumaliza. Gawa bajeti: tamasha moja kubwa kama Clermont-Ferrand la Ufaransa, linalohusu filamu fupi, mawili ya kwetu Afrika, kama ZIFF la Zanzibar na lile la Durban, kisha madogo. Pitia filamu walizochagua miaka miwili iliyopita, uone kama yako ni ya ukoo huo. Tuma mapema, ada ikiwa nafuu, na usione haya kuomba usamehewe.

Soma mkataba. Msambazaji akikupigia, uliza mambo matatu: haki ni za nchi zipi, kwa miaka mingapi, na je, ni zake peke yake? Anayetaka dunia nzima milele bila malipo ya awali, mwambie utafikiria. Kisha usifikirie.

Rudi nyumbani. Filamu ikishazunguka, ipitishe kwa bodi ya uainishaji, KFCB, kisha kodi ukumbi Thika, uazime projekta na spika nzuri. Wewe kaa nyuma kabisa, usitazame filamu, tazama visogo. Simu zikianza kuwaka dakika ya saba, andika daftarini: dakika ya saba. Sasa ipandishe YouTube, kisha ufungue daftari lile uanze kuandika filamu ya pili.