Barua ya Apolo: Somo juu ya Kuunganisha Mafunzo ya Watumishi wa Kanisa

Somo la msingi: Matendo ya Mitume 18:24–28
Masomo ya nyongeza: 2 Wafalme 6:1–7, 2 Timotheo 2:2



Hivi karibuni tulikuwa msibani hapa Ilemela. Baada ya mazishi mchungaji mmoja wa Kibaptisti, jirani yangu wa siku nyingi, alinivuta pembeni akaniuliza: "Ndugu yangu, sisi vyuo vyetu kila kimoja kina mtaala wake. Kijana akitoka hiki kwenda kile anaanza upya. Ninyi Walutheri mliwezaje kuwa na mafunzo mamoja?" Nilimtajia Makumira, tukapeana mikono, naye akaondoka ameridhika.

Mimi sikuridhika. Wiki hiyohiyo alikuwa amefika ofisini kwangu mwinjilisti wa mtaa mmoja upande wa Kayenze, ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha miaka miwili cha chuo cha Biblia kilicho nje ya dayosisi yetu. Aliomba kujiendeleza katika chuo kingine cha Kanisa hilihili, akaambiwa aanze mwaka wa kwanza kwa kuwa masomo aliyosoma hayafanani na yao. Ana miaka 41 na watoto watano, na ameuhudumia mtaa ule kwa miaka kumi na miwili. Aliniuliza swali moja tu: "Mratibu, kwani Mungu wa kule ni mwingine?"

Somo la robo hii ni jaribio la kuwajibu watu hao wawili.

1. Apolo alisoma nini, na nani aliandika barua?

Luka anatuambia kwamba Apolo alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko. Hata hivyo elimu yake ilikuwa na pengo, kwani aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimsikia akihubiri Efeso. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumwambia arudi Aleksandria akaanze upya. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi lile lililopungua.

Mara nyingi tunaishia hapo, tunausahau mstari wa 27. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso waliwaandikia wanafunzi wa kule ili wampokee. Barua ile ilikuwa na maana kwa sababu watu wa pande mbili waliaminiana kuhusu kinachofundishwa. Huo ndio msingi wa somo letu: mafunzo yameunganishwa pale ambapo barua iliyoandikwa Efeso inasomwa na kukubalika Akaya. Vyuo vinaweza kuwa vingi, lakini lazima barua ipokelewe.

2. Sisi tulikotoka

Ulutheri haukuingia nchini mwetu kwa mlango mmoja. Wamisionari walianza Dar es Salaam mwaka 1887, Unyakyusa mwaka 1891, Kilimanjaro mwaka 1893 na Bukoba mwaka 1910, nao walitumwa na mashirika tofauti. Kila shirika lilikuwa na kawaida zake na namna yake ya kuandaa watumishi. Vita Kuu mbili ziliwaondoa wamisionari Wajerumani, na makanisa yakabaki na kazi kubwa mikononi mwa wachungaji Waafrika wachache.

Katika hali hiyo, mwaka 1947 yalianza mafunzo ya pamoja ya wachungaji huko Lwandai, milima ya Usambara. Mwaka 1954 chuo kilihamia Makumira, karibu na Usa River, njia ya kwenda Arusha. Ndipo tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa Kanisa moja, KKKT. Mwaka 1997 Makumira kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu Tumaini.

Tuiangalie miaka hiyo kwa makini. Darasa la pamoja lilitangulia Kanisa moja kwa miaka 16. Vijana wa pande mbalimbali walikula ugali meza moja na kubishana juu ya Waraka kwa Warumi. Walipokuja kuwa viongozi, walikuwa wakifahamiana. Muungano wa 1963 ulitiwa saini na watu ambao Kanisa lilikuwa limeshaanza kuwazoeza kukaa pamoja.

Wala jambo hili halikuwa la Walutheri peke yao. Katika miaka ya 1960 vyuo vya theolojia vya madhehebu mbalimbali Afrika Mashariki vilishirikiana katika stashahada ya theolojia iliyotolewa chini ya Makerere. Kila chuo kilibaki na imani na ibada zake, lakini kipimo kilikuwa kimoja.

3. Ndugu zetu Wabaptisti

Kazi ya wamisionari wa Kibaptisti kutoka kusini mwa Marekani ilianza Tanganyika na Kenya mwaka 1956, na seminari yao ya Arusha ilifunguliwa mwaka 1962 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Kutokana nayo kilizaliwa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Baadaye vipo vyuo Limuru nchini Kenya na Jinja nchini Uganda, mbali na shule ndogo za Biblia.

Ugumu wao una sababu ya kiimani, nasi tuiheshimu. Kwa Wabaptisti kila kanisa la mahali linajitawala. Ndilo linaloita mchungaji wake, na hakuna makao makuu yanayoweza kulilazimisha kumpokea mtu fulani au kufuata mtaala fulani. Kwa hiyo kwao umoja wa mafunzo hauji kwa waraka kutoka juu. Unakuja kwa makubaliano ya hiari, vyuo vikikaa pamoja na kusema: masomo haya ya msingi tutayafundisha sote, na mwanafunzi wako nitampokea pale ulipomfikisha.

Jibu ninalopaswa kumpelekea jirani yangu ni kwamba wasingoje kuwa na utawala mmoja. Sisi wenyewe hatukungoja. Na lazima niongeze kwamba kazi yetu pia haijakwisha, kama mwinjilisti wa Kayenze alivyonionyesha.

4. Ngazi inapokatika

Kwa shahada tuna kipimo kinachoeleweka, kwa kuwa vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) chini ya sheria ya mwaka 2005. Tatizo liko ngazi za chini, katika vyuo vya Biblia vya dayosisi, ambako ndiko wanakotoka wainjilisti wengi. Nimeona ngazi ikikatika mahali patatu.

(a) Lugha. Vyuo vya Biblia hufundisha kwa Kiswahili. Shahada hufundishwa kwa Kiingereza. Mwinjilisti anayeeleza vizuri habari ya neema kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma akiwa mtaani, anafika mlangoni anaonekana hajui kitu.

(b) Sifa za kujiunga. Wengi waliitwa katika utumishi wakiwa na elimu ya darasa la saba. Miaka yao ya huduma haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

(c) Marafiki wa ng'ambo. Hapa niseme kwa upendo. Mara nyingi kila chuo kina rafiki yake Ulaya au Marekani, na kila rafiki hupenda kuona jengo au kozi yenye alama yake. Matokeo yake ni kozi nyingi zisizojuana.

Hasara hiyo inaangukia washarika. Kwa utaratibu wetu mwinjilisti hubatizi wala haongozi Meza ya Bwana kama mchungaji. Mwinjilisti anapokwama, mtaa wake unabaki kumsubiri mchungaji mwenye mitaa mingi na pikipiki moja. Mama mzee wa Kayenze hajui habari za mitaala. Anachojua ni kwamba Meza ya Bwana imepita muda mrefu bila kuandaliwa.

5. Darasa la mbalamwezi

Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilianza elimu ya theolojia kwa njia ya enezi. Walikuwa wametambua kwamba wengi waliosomeshwa mjini hawakurudi vijijini, wakati viongozi halisi wa sharika za vijijini hawakuweza kuacha mashamba na familia. Wakaamua mwalimu na kitabu vimfuate mwanafunzi. Njia hiyo ilienea duniani, na makanisa ya kwetu nayo yameitumia.

Kwa pwani yetu ya Ziwa Victoria inafaa sana, ilimradi ifuate maisha ya watu. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, maana taa ndizo zinazowavuta dagaa. Mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Siku hizo ndizo za darasa. Ratiba iliyopangwa na mtu asiyejua jambo hili itapata viti vitupu, kisha itaandikwa kwenye taarifa kwamba wainjilisti hawana mwamko.

Kwa hiyo kuunganisha kusiwe kufananisha kila kitu. Mwinjilisti wa Usukumani lazima afundishwe namna ya kusimama na bibi anayetuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na namna ya kuwalinda ndugu zetu wenye ualbino. Mwenzake wa Kilimanjaro atakutana zaidi na kesi za kihamba. Biblia, imani, historia ya Kanisa na uchungaji viwe vya pamoja. Sehemu iliyobaki iachiwe mahali, nayo ihesabiwe kuwa elimu kamili.

6. Kila mtu boriti moja

Katika 2 Wafalme 6 wana wa manabii waliona mahali pao pa kukaa pamekuwa padogo. Wakaenda Yordani, kila mtu akate boriti moja. Shoka lililotumbukia majini lilikuwa la kuazima, na mwenye kuliazima alilia kwa sababu hiyo. Misaada ni shoka la kuazima. Tunaipokea kwa shukrani na kuitunza, lakini boriti ni zetu.

Kwa kamati za sharika tunapendekeza:
– Waorodhesheni watumishi wenu wote, mafunzo waliyopata, na miaka waliyohudumu.
– Tengeni sadaka ya elimu ya mtumishi katika bajeti, hata kama ni ndogo, badala ya kungoja harambee.
– Mnapompeleka mtu masomoni, ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa ada: cheti hiki kitapokelewa na chuo gani kingine?

Kwa marafiki na wafadhili tunaomba:
– Kabla ya kujenga bweni la chuo kimoja, fikirini kugharimia vikao vya walimu wa vyuo kadhaa kuandaa mtaala wa pamoja wa ngazi ya kwanza na mtihani wa pamoja.
– Saidieni vitabu vya theolojia vya Kiswahili na kozi ya daraja ya Kiingereza. Havina jiwe la msingi la kuzindua, lakini ndivyo vinavyounganisha ngazi.

Na pale vikao hivyo vitakapofanyika, tusione aibu kuwaalika Wabaptisti na majirani wengine waketi nasi. Hatutakubaliana juu ya ubatizo wa watoto. Juu ya namna ya kumpima mwanafunzi na kumwandikia barua inayoaminika, tunaweza kukubaliana.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani ni Apolo, mwenye karama lakini ana pengo? Nani ni Prisila na Akila wake?
2. Je, tumewahi kumwaibisha mtumishi kwa sababu ya elimu yake? Tufanye nini sasa?
3. Mambo gani matatu ya eneo letu ambayo mtumishi lazima ajifunze, na ambayo hayamo katika mtaala wa mbali?
4. Boriti yetu ni ipi mwaka huu?

Yule mwinjilisti bado yupo mtaani kwake. Bahasha yake nimebaki nayo kwa ruhusa yake, na nitakwenda nayo kwenye kikao kijacho cha walimu, ili tunapojadili mitaala tuwe na jina la mtu mbele yetu. Mkumbukeni katika sala.

Mungu awabariki na kuwatunza.

Mratibu wa Miradi