Bakteria wa tumboni na maradhi ya utumbo kuvimba

Ukiendesha kwa siku mbili tatu kisha ukapona, kwa kawaida hakuna la kuhofia. Lakini iwapo umeendesha kwa zaidi ya wiki nne, choo kina damu, unaamka usiku kwenda msalani na uzani wako unapungua, usiridhike kumeza dawa za amiba kila mwezi. Huenda unaugua maradhi ya utumbo kuvimba.

Maradhi haya ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza hushambulia utumbo mpana na kuacha vidonda kwenye utando wake wa ndani. Ya pili ni maradhi ya Crohn, yaliyopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye, pamoja na wenzake wawili, aliyaeleza mwaka wa 1932. Haya yanaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, nayo hupenya ndani zaidi ya ukuta wa utumbo.

Bakteria wanahusika vipi? Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na bakteria trilioni 38, na wengi wao huishi katika utumbo mpana. Wengi si maadui. Hula nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo limeshindwa kusaga, kisha hutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo mpana, na pia hutuliza kinga ya mwili.

Kwa wagonjwa wengi, bakteria hawa wa manufaa wamepungua na wachokozi wamezidi. Ute unaokinga ukuta wa utumbo ukiwa dhaifu, bakteria husogea karibu. Kinga ya mwili huwapiga bila kukoma, na katika vita hivyo utumbo wenyewe ndio unaoumia.

Ushahidi upo. Panya waliozaliwa na kasoro ya kinga hawakupata uvimbe walipofugwa mahali pasipo na bakteria hata mmoja; walipowekewa bakteria, waliugua. Vilevile, wagonjwa wa Crohn wanapofanyiwa upasuaji ili choo kipitie kwenye mfuko, sehemu ya utumbo isiyopitisha choo mara nyingi hupata nafuu. Choo kikirudishwa, maradhi yanaweza kurudi.

Hata hivyo, bakteria si chanzo pekee. Urithi unachangia, na sigara huzidisha maradhi ya Crohn. Usimtenge mgonjwa, kwani maradhi haya hayaambukizi.

Je, ufanye nini? Kwanza, usinunue dawa za kuua bakteria dukani bila kupimwa. Dawa hizo haziwachagui bakteria wabaya pekee. Huwaua hata wale wanaokulinda.

Pili, mwone daktari ili choo chako kipimwe na, ikihitajika, utumbo uchunguzwe kwa mpira wenye kamera. Hatua hii ni muhimu sana kwetu kwa sababu kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na maradhi ya Crohn. Dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe wa Crohn, zinaweza kukichochea kifua kikuu kisichotibiwa.

Tatu, ukiwa mzima, walishe bakteria wako: maharagwe, ndengu, sukuma wiki, matunda na ugali wa wimbi au mtama. Lakini ikiwa tayari u mgonjwa na utumbo umevimba au umekuwa mwembamba, nyuzinyuzi nyingi zinaweza kukuletea maumivu. Muulize daktari kwanza. Maziwa ya mala ni chakula kizuri, ila usiyafanye badala ya dawa.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyamaliza kabisa, lakini yanaweza kutulizwa hata mtu akaishi na kufanya kazi zake kama kawaida. Kinachowaponza wengi ni aibu ya kuzungumzia choo. Kumbuka, mficha maradhi kifo humwumbua.