Ardhi ya Umma Nayo Ina Mwenyewe

Swali: Naishi London na nimenunua kigunduzi cha metali. Bustani ya mtaani kwetu ni ya halmashauri. Je, bado nahitaji kibali?

Jibu: Unahitaji, tena cha maandishi. Andikia idara ya bustani, taja eneo na siku, na eleza utakavyofukia mashimo. Halmashauri nyingi hukataa moja kwa moja, kwa hiyo jibu lao lisikushangaze.

Kabla ya hapo, hakikisha eneo halimo kwenye orodha ya maeneo ya kale yanayolindwa. Kwa sheria ya 1979, kutumia kigunduzi humo bila idhini ya Historic England, shirika la kulinda urithi wa kale, ni kosa, hata usipookota kitu.

Ukingo wa Mto Thames una utaratibu wake. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya London, na anayetafuta kwa macho tu naye lazima awe nacho. Kina cha kuchimba ni sentimita 7.5 kwa kibali cha kawaida, na kitu chenye zaidi ya miaka 300 sharti kiripotiwe.

Ukipata hazina, kwa mfano pete ya dhahabu ya karne ya 16, una siku 14 za kumwarifu afisa wa uchunguzi wa vifo. Ndiyo, huyohuyo, Waingereza na mambo yao! Mgao wa zawadi itakayotolewa kwa hazina hiyo kati yako na mwenye ardhi upatanieni mapema, kwa maandishi.