Maji Kujaa na Kupwa: Saa ya Kuvua Samaki Gatini

Wakulima wengi waliopewa mashamba ya pwani walitoka bara. Walioanza kufika Mpeketoni katika miaka ya 1970 walijua mahindi na ng'ombe, na wengine walijua ziwa. Lakini bahari si ziwa. Maji ya Ziwa Victoria ukiyaacha asubuhi utayakuta jioni pale pale. Maji ya bahari yetu, siku za bamvua, hupanda mita 3 na zaidi kwa muda wa saa 6, kisha huondoka tena. Mkulima wa Mpeketoni akienda na mshipi wake gati la Mokowe, au wa Shimba Hills akishuka Shimoni, bila ya kujua maji yako wapi, hupoteza siku nzima ya palizi na kurudi na kikapu kitupu. Kisha husema gati lile halina samaki.

Maji huvutwa na mwezi, na jua nalo huvuta kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na baada ya siku moja au mbili huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo mbili hupingana, na hayo ndiyo maji mafu, ambayo hupanda kama mita 1 tu. Kwa siku moja maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Yakijaa leo saa 10 jioni, kesho yatajaa karibu na saa 11.

Sasa angalia jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme yatapanda mita 3 na sentimita 60. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 hivi, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, na ya mwisho 30. Kwa hiyo mkondo una nguvu katikati, na mwanzo na mwisho maji hukaribia kusimama.

Samaki huishi kwa mkondo huo. Maji yakienda, hubeba kamba, dagaa na vijidudu vingine, na samaki wakubwa kama kolekole na chewa hujificha nyuma ya nguzo za gati, vichwa vyao vikielekea mkondo, wakingoja kuletewa chakula. Maji yakijaa, changu na chaa husogea ufuoni kutafuta kaa na minyoo mahali palipokuwa pakavu. Maji yakipwa, kamba hutolewa katika mikoko, na samaki hungoja mlangoni mwa mkono wa bahari. Maji yakisimama kabisa, wengi huacha kula. Basi tupa chambo upande mkondo unakotoka, kifike nguzoni chenyewe kama kitu kilichochukuliwa na maji. Anayetupa moja kwa moja chini ya miguu yake hukamata nguzo, na chaza walioganda pale humkatia mshipi.

Je, mkulima aende lini? Kwa Kilindini, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4. Hii ni bahati njema kwa mwenye shamba. Unaweza kulima mpaka saa 6, ukawa gatini saa 8, ukavua mpaka saa 10 na nusu. Usiende saa 7, kwa maana mkondo wa bamvua wakati huo huburuta hata chubwi zito, na chambo hakikai chini. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa 4 asubuhi, na jioni yamepwa. Hapo yafaa kuvua kwanza, tangu saa 12 alfajiri mpaka saa 3, ndipo uende shambani. Kwa kuwa mkondo ni dhaifu, katikati ya kujaa ndiyo saa njema, na chubwi jepesi latosha. Katika siku za kati, hesabu dakika 50 kwa kila siku. Shimoni na Lamu hazitofautiani sana na Kilindini, lakini ndani ya mikono ya bahari maji huchelewa. Wazee wa pale watakuambia kwa kiasi gani, na ni heshima kuwauliza kabla ya kutupa mshipi. Uliza pia ofisi ya uvuvi kuhusu leseni na mahali palipokatazwa, kama vile hifadhi ya Kisite.

Wakati wa kupwa kwa bamvua gati husimama juu sana, na samaki mzito hukatika akivutwa hewani. Chukua kikapu chenye kamba ndefu, ukiteremshe, umwingize samaki humo. Usishuke ngazi kumfuata, kwa sababu vidato vya chini vina utelezi wa kijani, na watoto wasiachwe hapo kamwe.

Chambo kikiibwa mara kwa mara maji yakiwa yametulia, huenda mwizi ni bunju, yule samaki anayejijaza upepo akakuvimbia mkononi. Mtupe. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa, nayo huua watu. Tafi ni mtamu, ila miiba yake huchoma vikali. Ukichomwa, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia mpaka maumivu yapungue.