Dondoo muhimu: Gurudumu likilia, sikiliza kabla ya kutia mafuta

Kwenye barabara ya vumbi itokayo Uvira kupitia Nundu hadi Baraka, baiskeli yenye gunia la muhogo ikianza kulia, wengi hukimbilia mafuta. Ni kosa, kwa sababu mdundo wa sauti hutaja chanzo chake. Inua gurudumu, ulizungushe. Sauti inayorudi mara moja kila mzunguko mara nyingi ni rimu iliyopinda inayogusa breki. Ya kusaga isiyokatika ni gololi zilizoingiwa na mchanga. Likinyamaza likiwa juu lakini likalia chini ya mzigo, bana spoku mbili mbili kwa vidole: iliyolegea kuliko nyingine ikazwe mapema, maana ikikatika huzielemea jirani zake.

Utaambiwa mafuta hunyamazisha. Kweli, kwa muda. Lakini mafuta mepesi huyeyusha grisi ndani ya habu na kunasa vumbi jipya, na yakidondokea rimu, breki hazishiki. Kwenye mteremko hiyo ni hatari kubwa. Ni afadhali kufungua habu, kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kuzikausha na kupaka grisi mpya. Ukirudishia koni, usikaze mno: gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kuchezacheza.